Pambo, Nakshi na Upatanisho wa Kisarufi: Ukurasa wa "Infant Joy" wa William Blake

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wengi wa fasihi hukutana na mashairi ya William Blake (1757–1827) katika vitabu vya mkusanyiko. Humo huyakuta yamepigwa chapa kwa herufi za kawaida juu ya karatasi nyeupe, kama yalivyo mashairi ya mtunzi mwingine yeyote. Anayeyasoma hivyo hana sababu ya kushuku kwamba kuna kitu kilichoondolewa. Hata hivyo, Blake mwenyewe hakuyatoa mashairi ya Songs of Innocence kwa wasomaji katika hali hiyo. Tangu mwaka 1789 aliyatoa yakiwa yameandikwa kwa mkono wake, yamefungamana na michoro juu ya bamba moja la shaba, na kutiwa rangi ya maji nakala baada ya nakala.

Makala haya yanauchunguza ukurasa mmoja wa diwani hiyo, ule wenye shairi la "Infant Joy". Wahakiki wa sanaa wamekwisha kuusifu uzuri wake, na sifa hizo zinaustahili. Hoja inayojadiliwa hapa ni ya kiisimu zaidi. Inadaiwa kwamba mchoro wa ukurasa huu unashiriki katika kujenga maana ya sentensi zake, na kwamba mfasiri wa Kiswahili ndiye hasa anayelazimika kulikiri jambo hilo. Kiingereza kinaweza kuliacha neno moja la shairi likining'inia baina ya maana mbili. Kiswahili, kwa sababu ya mfumo wake wa ngeli, hakiwezi: lazima kiambishi kichaguliwe. Ushahidi wa kumwongoza mfasiri katika uchaguzi huo haumo katika maneno, umo katika picha.

2.0 Ukurasa wenyewe

Jambo la kwanza linalomshangaza anayeuona ukurasa huu ni udogo wake. Bamba lililouchapa lina urefu wa takriban sentimita 11 na upana usiofika sentimita 7, yaani kiasi cha kufunikwa na kiganja cha mkono. Ndani ya eneo hilo mmewekwa kichwa cha shairi, beti mbili zenye mishororo sita kila mmoja, mmea mzima, na watu watatu.

Mmea huo unatoka chini ya ukurasa. Shina lake jembamba linapanda kwa kujipinda kando ya maandishi, na majani yake yana ncha kali. Juu limechanua ua moja kubwa mno, lenye petali zinazopepea mithili ya ndimi za moto. Ndani ya ua hilo, kama ndani ya chumba, ameketi mwanamke aliyempakata mtoto mchanga. Mbele yao amesimama mtu wa tatu, mwembamba, mwenye mbawa, naye amewanyoshea mikono. Mbawa zake ni ndogo na zinaelekea kuwa za kipepeo kuliko za ndege. Chini ya ua hilo, kwenye tawi jingine la shina lilelile, limeinama tumba ambalo halijachanua.

Huo ndio mchoro wote. Hakuna nyumba wala kitanda, na baba hayumo. Ukubwa wa ua ukilinganishwa na watu waliomo hauna mfano katika maumbile, na Blake hakujaribu kuuficha ukweli huo. Wachunguzi wamejitahidi kuutambua mmea huu bila kuafikiana, na huenda juhudi hizo hazina tija kubwa, kwa kuwa mmea unaoweza kubeba familia hauwezi kupatikana katika kitabu cha botania. La muhimu zaidi ni kwamba mwaka huohuo wa 1789 Erasmus Darwin alichapisha The Loves of the Plants, utenzi mrefu unaoyaeleza maua kana kwamba ni mabibi na mabwana. Mchapishaji wake, Joseph Johnson, alikuwa akimpa Blake kazi za kuchonga mabamba, na katika juzuu iliyotoka 1791 mojawapo ya mabamba ni kazi ya mkono wa Blake. Kwa hiyo wazo la kumweka binadamu ndani ya ua lilikuwa linazagaa London wakati ule. Blake alilichukua, akalifanyia jambo ambalo Darwin hakulifanya: alilipa kitenzi cha kusema.

3.0 Pambo au nakshi?

Kabla ya kuendelea, inafaa istilahi itazamwe. Kurasa za namna hii huelezwa kwa kawaida kuwa "zilizopambwa". Neno hilo lina hatari. Pambo, kwa matumizi yaliyozoeleka, ni kitu kinachoongezwa juu ya kingine na kinachoweza kuondolewa bila ya kukidhuru. Bibi arusi hupambwa, na baada ya harusi mapambo huvuliwa, naye akabaki yule yule. Chumba hupambwa kwa siku ya sherehe. Mchoro wa kitabu ukiitwa pambo, basi imekwisha kukubaliwa kimyakimya kwamba shairi lingebaki lile lile kama mchoro usingekuwapo.

Nakshi ni jambo jingine. Nakshi ya mlango wa Lamu au wa Unguja imechongwa katika ubao uleule unaofanya mlango. Anayetaka kuiondoa itambidi aupunguze ubao wenyewe. Tofauti hii ya maneno mawili, ambayo kamusi nyingi haziikazii, inalingana barabara na tofauti ya kiufundi iliyokuwapo katika uchapaji wa Uingereza wakati wa Blake.

Kitabu chenye picha katika karne ya 18 kilipita katika mikono ya mafundi wa namna mbili. Maandishi yalipangwa kwa herufi za risasi, ambazo hupokea wino juu ya nyuso zao zilizoinuka. Picha ilichongwa katika bamba la shaba, na hapo wino hukaa ndani ya mifereji iliyochimbwa, hata ukahitajika mtambo wa magurudumu wenye mkandamizo mkubwa ili karatasi iufuate wino humo ndani. Kwa kuwa njia hizi mbili hazipatani katika mtambo mmoja, karatasi iliyohitaji maneno na picha pamoja ilichapwa mara mbili, mara nyingi katika karakana mbili. Picha katika vitabu hivyo ilikuwa pambo kwa maana kamili ya neno. Blake aliifahamu kazi hiyo vyema. Alianza uanagenzi kwa mchongaji James Basire mwaka 1772, akiwa na umri wa miaka 14, akakaa huko miaka saba. Baadaye, katika miaka ya 1780, alijipatia riziki kwa kuchonga michoro ya watu wengine, hasa ile ya Thomas Stothard, kwa ajili ya vitabu vya wauza vitabu.

Njia aliyoibuni mnamo 1788 ilikiondoa kikwazo hicho. Aliandika na kuchora moja kwa moja juu ya shaba kwa kimiminika kisicholiwa na tindikali, tena aliandika kinyumenyume ili maneno yatoke sawasawa yakichapwa. Kisha tindikali ikamwagwa, ikala sehemu zote zilizoachwa wazi, na maneno pamoja na michoro vikabaki vimeinuka kidogo kwa kimo kimoja. Herufi na petali zilizaliwa kwa brashi moja, katika kimiminika kimoja, zikaokolewa na tindikali ileile. Blake mwenyewe aliiona njia hii kuwa ni ufunuo aliopewa na nduguye Robert, aliyefariki mwaka 1787. Msomaji anaweza kuipokea habari hiyo apendavyo; matokeo ya kazi hayategemei imani yake. Kwa kuwa mstari wa shina na mstari wa herufi ni vitu vya namna moja juu ya bamba, neno linaloufaa mchoro huu ni nakshi.

Rangi, kwa upande mwingine, iko karibu zaidi na pambo. Hii ilitiwa kwa brashi baada ya kuchapa, na katika kazi hiyo Blake alisaidiwa na mkewe Catherine, ambaye alipofunga ndoa mwaka 1782 alitia alama ya msalaba katika daftari la kanisa kwa kutojua kuandika, na ambaye baadaye alikuwa mshiriki kamili katika karakana. Nakala za mwanzo za 1789 zilichapwa pande zote mbili za karatasi na kutiwa rangi nyepesi za maji, kama vile zilizokusudiwa kusomwa. Nakala za miaka ya 1820, kwa mfano ile aliyouziwa Henry Crabb Robinson na ambayo sasa imo katika Library of Congress, Washington, zimechapwa upande mmoja tu, zikatiwa rangi nzito zinazojaza ukurasa wote, na kuzungushiwa fremu. Katika tangazo la 1793 Songs of Innocence iliuzwa shilingi tano. Crabb Robinson alilipa gini tano kwa diwani mbili pamoja, kiasi ambacho ni zaidi ya mara kumi ya bei ya zamani ya diwani hizo mbili. Kitabu cha kusomwa kilikuwa kimegeuka kitabu cha kutazamwa.

Wekundu ndio unaotawala katika ua la nakala nyingi, na umekuwa chanzo cha fasiri nyingi, ikiwamo ile inayoliona ua kuwa tumbo la uzazi. Tahadhari inahitajika. Rangi ya kila nakala iliamuliwa upya, na baadhi ya rangi nyekundu za maji hupauka zikiwa katika mwanga kwa miaka mingi. Hoja inayosimama juu ya wekundu wa nakala moja inasimama juu ya mguu mmoja. Kwa sababu hiyo, uchambuzi unaofuata unategemea kile kilichomo katika shaba, ambacho hakibadiliki baina ya nakala: ua, tumba, miili mitatu, na maneno.

4.0 Sauti ngapi?

Shairi la "Infant Joy" ni fupi na msamiati wake ni mwepesi. Kwa muhtasari, mtoto wa siku mbili anasema kuwa hana jina. Anaulizwa aitwe nani. Anajibu kwamba yeye ni mwenye furaha, na kwamba Furaha ndilo jina lake. Kisha anatakiwa heri. Katika ubeti wa pili msemaji ni mtu mzima peke yake: anamsifu mtoto, anamwita kwa jina lile, anataja tabasamu lake, na anasema kwamba anaimba.

Blake hakutia alama za usemi wala hakutaja popote nani anasema. Msomaji hutambua mabadilishano kwa vipashio vya nafsi tu: nafsi ya kwanza inapokuwa ya asiye na jina, anasema mtoto, inapokuwa ya anayetaka kujua jina, anasema mwingine. Hii ni mojawapo ya sababu za shairi hili kuwa mfano mzuri kwa wanafunzi wa pragmatiki. Viashiria vya nafsi havina maana mpaka ijulikane ni nani aliyevitamka, na hapa aliyevitamka haonekani katika maneno. Mtu aliyepewa maandishi matupu anabaki na fasiri mbili zilizo sawa kwa nguvu. Ya kwanza ni kwamba wasemaji ni wawili na kwamba mtoto, kwa namna ya kishairi, amepewa ulimi. Ya pili ni kwamba msemaji ni mmoja tu, naye ni mama anayesema kwa niaba ya mwanawe, kama wafanyavyo mama wote wanapocheza na mtoto, wakiuliza na kujijibu wenyewe. Anayezijua nyimbo za kubembelezea watoto za pwani hataiona fasiri hii ya pili kuwa ya mbali. Vilevile, mtoto wa siku mbili asiye na jina hatamstaajabisha msomaji wa pwani, kwa kuwa katika desturi ya Waislamu jina huambatana na akika ya siku ya saba. Linalostaajabisha, kwake na kwa Mwingereza wa 1789 aliyezoea jina litolewe wakati wa ubatizo, ni mtoto kujipa jina mwenyewe.

Mmoja wa wasomaji wa mwanzo wa ukurasa huu alikuwa mshairi Samuel Taylor Coleridge. Mwezi Februari 1818 aliazimwa nakala na Charles Augustus Tulk, na alipoirejesha aliambatanisha barua ya kutathmini shairi moja moja. Kuhusu "Infant Joy" alilalamika kwamba mtoto wa siku mbili hatabasamu wala hawezi kutabasamu. Akapendekeza mishororo ya mwisho ibadilishwe, kwa hoja kwamba uchanga ni jambo takatifu mno kuweza kutiwa mapambo. Lalamiko hilo lina uzito wa kimaumbile, lakini lina upungufu mmoja wa ajabu: Coleridge alimkatalia mtoto tabasamu huku akimruhusu kusema, tena kusema kwa sentensi kamili. Inaelekea aliisoma sauti ya mtoto kuwa ni ya mama, na tabasamu akalisoma kuwa ni taarifa ya mtazamaji. Kinachovutia zaidi ni kwamba neno alilolichagua ni lile la pambo. Alikuwa na ukurasa wenye nakshi mbele ya macho yake, lakini kosa alilitafuta katika maneno peke yake.

Tukiurudia mchoro, tatizo la sauti halitatuliki, linaongezeka. Katika maneno mna sauti mbili kwa wingi, au moja kwa uchache. Katika picha mna miili mitatu. Mama na mtoto wanajulikana. Wa tatu ni nani?

5.0 Wa tatu

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba huyu ni mjumbe, na kwamba mandhari yote inakumbusha picha za Kikristo za malaika akimpasha habari Mariamu, au za kuzaliwa kwa Yesu. Mkao wa mama na mikono iliyonyoshwa vinaiunga mkono fasiri hiyo. Jibu la pili hurejea kwa Darwin na maua yake, na kumfanya mtu huyo kuwa pepo mdogo wa mmea. Kwa msomaji wa Kiswahili jibu la kwanza lina mtego wake, kwa kuwa mtoto mchanga naye huitwa malaika. Katika sentensi ya Kiswahili inayosema kwamba ndani ya ua mna mama na malaika, watu wa picha wangepungua kutoka watatu hadi wawili bila ya yeyote kutambua.

Lipo jibu la tatu, ambalo linatokana na maneno ya ukurasa wenyewe. Neno la Kiingereza lenye maana ya furaha limetokea mara sita katika mishororo 12, ukiacha kichwa. Mara moja mtoto analitaja waziwazi kuwa jina lake. Mara tatu, katika ubeti wa pili, linatumika kwa kumwita au kumtaja mtoto. Lakini mara mbili, katika mshororo unaofunga kila ubeti, linatumika kama kiima cha kitenzi cha kutakia: furaha inaombwa imfike mtoto. Je, hapo ni jina la mtu au ni nomino ya kawaida? Herufi kubwa, ambayo ingeweza kusaidia, haisaidii. Neno hili limeandikwa kwa herufi kubwa pale tu linapoanza mshororo, ambapo kila neno lingeandikwa hivyo.

Kiingereza hakilazimiki kujibu. Kitenzi chake cha kutakia hakibebi alama yoyote ya kuonyesha kama kiima ni mtu au kitu. Kiswahili hakina njia ya kukwepa. Nomino "furaha" ikiwa hali ya moyo iko katika ngeli ya N, na upatanisho wake ni wa i-: furaha imekwisha, furaha ilinijaa. Ikiwa ni jina la mtu, nalo ni jina linalotumika sana kwa wasemaji wa Kiswahili, upatanisho wake ni wa a-: Furaha amelala, Furaha anaitwa. Mfasiri akiandika "furaha ikufike", amemwombea mtoto hali. Akiandika "Furaha akufikie", ameleta mtu wa pili mwenye jina sawa na la mtoto, anayekuja kutoka nje. Hakuna kiambishi cha katikati.

Tatizo hili linaanzia katika kichwa cha shairi. Majina mawili ya Kiingereza yamewekwa sambamba bila kiunganishi, na uhusiano wao umeachwa wazi. Kwa Kiswahili inawezekana kusema "Furaha Changa", yaani hisi ambayo ndiyo kwanza imeanza; au "Furaha Mchanga", yaani mtu aitwaye Furaha ambaye bado ni mchanga; au "Furaha ya Mtoto Mchanga", ambayo ni salama na inaua fumbo lote. Herufi moja tu ya m inabeba mzigo wa nadharia nzima.

Hapa ndipo mwili wa tatu unapopata kazi. Mshororo unaofunga beti unaiomba furaha imjie mtoto. Na mbele ya mtoto, mikono ikiwa imenyoshwa, amesimama mtu ambaye maneno hayakumtaja. Ni fasiri yenye nguvu kumwona huyo kuwa ndiye kiima cha kitenzi kile, yaani furaha aliyeombwa aje, na ambaye amekwisha kufika. Mchoro umeupa mshororo upatanisho wa a-. Wakati huohuo mtoto aliyepakatwa ni Furaha pia, kwa jina alilojipa. Ndiyo kusema kwamba Furaha anamtazama Furaha, na mama yu baina yao, akiimba.

Fasiri hii si ya lazima. Mtu anaweza kuikataa na kubaki na malaika au pepo wa ua. Lakini anayeikataa itampasa aeleze kwa nini mchoro wa shairi la sauti mbili umepewa watu watatu, na afanye hivyo bila ya kurejea katika dhana kwamba wa tatu ni pambo. W.J.T. Mitchell, katika kitabu chake Blake's Composite Art (1978), alisisitiza kwamba maneno na michoro ya Blake havitafsiriani, bali kila kimoja kina uhuru wake, na nguvu ya ukurasa hutokana na pengo lililopo baina yao. Maoni hayo ni sahihi kwa sehemu kubwa. Katika ukurasa huu, hata hivyo, pengo hilo lina umbo mahususi la kisarufi: ni nafasi ya kiambishi ambacho lugha ya shairi haina.

6.0 Jaribio la ubadilishaji

Wanaisimu wamezoea kupima thamani ya kipashio kwa kukiondoa au kukibadilisha na kutazama maana inabadilikaje. Aghalabu mtafiti hulazimika kuibuni mifano ya jaribio hilo. Kwa ukurasa huu hana haja, kwa kuwa Blake mwenyewe alilifanya. Mwaka 1794 aliiunganisha Songs of Innocence na diwani mpya ya Songs of Experience, na humo aliweka shairi la "Infant Sorrow", ambalo kwa kichwa chake ni ndugu wa lile la kwanza.

Katika mchoro wa "Infant Sorrow" ua limeondolewa. Mahali pake pana chumba chenye pazia nzito, na mtoto yumo kitandani, mikono juu, huku mwanamke akimwinamia kutaka kumshika. Mbawa hazimo. Maneno yanasemwa yote na mtoto, ambaye anawataja mama na baba wakati wa kuzaliwa kwake, na anazieleza nguo alizoviringishiwa kuwa ni vifungo. Idadi zimegeuzwa. Katika "Infant Joy" maneno yana watu wawili na picha ina watatu. Katika "Infant Sorrow" maneno yana watu watatu na picha ina wawili, kwa sababu baba aliyetajwa hakuchorwa. Pale palipokuwa na mgeni asiyetajwa, sasa pana mzazi aliyetajwa asiyeonekana.

Jambo jingine lastahili kuangaliwa. Neno lenye maana ya huzuni halimo kabisa katika mishororo ya "Infant Sorrow"; limo katika kichwa tu. Mtoto wa shairi hili hajipi jina wala haulizwi jina. Hivyo mfasiri wa Kiswahili hapati shida: ataandika "Huzuni Changa" au "Huzuni ya Mtoto Mchanga", na hakuna chochote ukurasani kitakachomvuta aandike "Huzuni Mchanga". Mashaka ya ngeli yaliyoukumba ukurasa wa kwanza hayapo hapa, wala mtu wa tatu hayupo. Ni vigumu kuamini kwamba kuondoka kwa vitu hivi viwili kwa pamoja ni bahati tu.

Hata hivyo, si kila kitu katika ukurasa wa "Infant Joy" ni cha furaha, na tumba lililoinama halijaelezwa bado. Wapo wafafanuzi waliolichukua, pamoja na majani yenye ncha kali, kuwa ni dalili ya mapema ya diwani ya pili. Inawezekana, lakini mwaka 1789 diwani hiyo ilikuwa bado haijatoka. Maelezo yaliyo karibu zaidi yamo katika kitenzi cha mshororo wa mwisho. Kitenzi hicho cha Kiingereza, ambacho hapa kimeambatana na furaha, kwa mazoea huambatana na mabaya: ni msiba, ajali au maradhi yanayomfika mtu. Kiswahili kina ngazi nzima ya vitenzi vya namna hii. Baraka humshukia mtu. Mabaya humsibu. Baina ya hivyo viwili kuna "kufika", ambacho chaweza kutumika kwa habari na kwa wageni, lakini ambacho kikiachwa bila kiima cha wazi, kama katika "yamemfika", kila msikilizaji hujua kwamba yaliyomfika si mema. Mfasiri anayechagua "ikushukie" ameufanya mshororo kuwa dua safi. Anayechagua "ikufike" amekiacha kivuli kilichomo katika asili, na kivuli hicho ndicho kilichochorwa kwa umbo la tumba lililofumba chini ya ua lililochanua. Lakini akitaka pia kuuheshimu mwili wa tatu kwa upatanisho wa a-, itambidi aingie katika "akufikie", na hapo kivuli cha "yamemfika" kinapungua, kwa kuwa afikiaye ni mgeni, na mgeni huja kwa heri. Kiswahili kinamruhusu kumleta mtu wa mbawa au kulitunza tumba. Vyote viwili kwa pamoja, katika kitenzi kimoja, havipatikani.

Limebaki suala la nafasi. Maneno ya Kiingereza katika ukurasa huu ni mafupi, mengi yakiwa ya silabi moja, na mishororo yake imeachwa mifupi ili shina lipite kando. Kitenzi cha Kiswahili chenye kiambishi cha nafsi, cha mtendwa na kauli ya kutendea ni neno moja lenye herufi nane au tisa, mahali ambapo Blake alihitaji maneno mawili mafupi na nafasi tupu baina yao. Toleo la Kiswahili litakaloheshimu bamba la sentimita 11 kwa 7 litalazimika ama kuipunguza mikono ya herufi, ama kuisukuma mishororo mpaka iguse mmea. Na mshororo wa mwisho wa ubeti wa pili, ukiandikwa kwa ukubwa wa herufi za asili, utaishia ndani ya majani.